Siku ya Kufudikiza Vyungu

Lori lililonipeleka Ivuna liliondoka Mlowo ukungu ukiwa bado haujainuka, nami nimekalia magunia matupu yaliyokuwa yanakwenda kujazwa chumvi. Jana yake nilikuwa nimetembea kutoka Hasamba na dada yangu Tabitha, yeye amebeba kikapu changu kichwani, mimi nimebeba kuku aliyefungwa miguu, zawadi ya mama wa kanisani aliyetulaza. Kwa nini nilipelekwa kuishi mbali na nyumbani ni habari ya sura nyingine, na huenda nisiiandike. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Songwe haikuwa bado mkoa, sote tulihesabiwa watu wa Mbeya, na kutoka kwetu kwenye kahawa hadi kule bondeni ilikuwa safari ya siku mbili, kwa sababu lori lilizama mchangani mara tatu na mara ya tatu dereva alikataa kuendelea mpaka ale. Tulipoanza kushuka ukingo wa bonde la Rukwa, hewa ilibadilika kama mtu aliyefungua mlango wa jikoni. Utingo alinitazama nilivyojikunyata ndani ya sweta la sufu, akacheka. "We Mnyiha, vua hilo blanketi lako. Huko unakokwenda hata mbuzi wanagombania kivuli." Nililivua nikalikunja. Sikulivaa tena mwaka mzima, na nilipokuja kulivaa lilikuwa limenibana kwapani.

Baba mdogo Ezekia alinipokea kwenye kambi ya chumvi kwa mikono miwili. Hakuwa ndugu wa tumbo moja na baba yangu, ni wa ukoo, lakini kwetu hilo halina tofauti. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, sauti ya tatu katika kwaya, na mke wake alikuwa amerudi kwao miaka mingi kabla. Mlo wa kwanza ninaukumbuka kuliko milo yote niliyokula baadaye. Ulikuwa ugali wa mtama, mwekundu, na perege wa Rukwa aliyechemshwa bila kitu kingine ila chumvi yenyewe. Sisi wa milimani hatujui miiba ya samaki. Aliitoa mmoja mmoja kwa vidole vyake, akanisogezea nyama safi upande wangu wa bakuli, akaniambia, "Kula, mwanangu, hapa hakuna anayekuhesabia tonge." Nilikula mpaka nikaona haya. Ninaandika hivi kwa sababu watu hudhani mtu wa aina ile huja na sura yake usoni. Yeye alikuja na samaki aliyetolewa miiba.

Mwezi uliopita Tabitha alinipigia simu. Nilikuwa Tunduma, nasimamia upakuaji wa mahindi karibu na mpaka, madereva wa Zambia wakisalimiana "muli shani" juu ya kelele za injini. "Baba mdogo Ezekia ametutoka," alisema. "Wanazika Jumamosi. Mzee alikuwa anakutaja, ujue. Anasema wewe ndiye mtoto wake wa kwanza kumlea. Watataka uwe wa kwanza kutupa udongo." Nikamwambia nitaangalia. Jumamosi ilipofika nilipanda basi, lakini la kwenda Sumbawanga, ambako sikuwa na shughuli yoyote, nikakaa siku tatu nikiangalia watu wakinunua nyanya. Ndivyo nilivyo. Nimekuwa mlinzi Geita, nimechoma mkaa Mpanda, nimeuza vitenge Nakonde, na sijawahi kukaa nyumba moja zaidi ya miaka miwili. Mke wangu wa kwanza alisema nina mguu usiopoa. Wa pili hakusema kitu, alihama kabla yangu.

Niiseme kambi, maana kibaya zaidi ni kwamba ninaikumbuka kwa hamu. Asubuhi ardhi ilikuwa nyeupe kama imemwagiwa unga, na tulikwangua ule weupe wa juu kabla jua halijauchoma, tukaujaza kwenye vyungu vilivyotobolewa chini, tukamimina maji ya chemchemi juu yake. Yalipita humo polepole na kudondoka kwenye vyungu vya chini, yakiwa makali hata ukijionjesha tone ulimi unajikunja. Hayo ndiyo yaliyochemshwa siku nzima juu ya meko marefu ya udongo, mpaka chumvi ikaanza kujitenga pembezoni. Nilipenda sauti yake inapokaribia kukauka, inatafuna tafuna kama mtu anayekula mahindi ya kukaanga. Nilipenda kazi ile. Watu wa kambi walikuwa kama thelathini, Wanamwanga wengi, na jioni walitaniana mpaka moshi ukaisha.

Kambi ilikuwa na mwiko mmoja mkubwa: chumvi haitaki maneno. Tangu vyungu vinapowekwa mekoni mwanzo wa kiangazi mpaka vinapofudikizwa mvua inapokaribia, hakuna kugombana, hakuna kushtakiana, hakuna tusi. Ukiwa na neno na mwenzako, unalitunza. Wazee waliamini neno baya likisemwa chumvi inakuwa chungu, au inakataa kabisa kuganda, na kambi nzima inarudi nyumbani mikono mitupu. Kisha siku ya mwisho vyungu vyote vinafudikizwa, watu wanakaa duara, na kila mmoja, hata mtoto aliyefanya kazi, anasimama kusema alichokitunza. Kinasikilizwa, kinasuluhishwa, mzee wa kambi anaweka punje ya chumvi kwenye ndimi za wote wawili, na baada ya hapo hakirudiwi tena. Anayekirudia ndiye anakuwa mkosaji. Nimetembea nchi hii, nimeona mabaraza na mahakama, na bado nasema ule ulikuwa utaratibu mzuri kwa watu waliogombania kuni.

Saa nane mchana, jua lilipokuwa halisemeki, kambi nzima ililala. Mimi na Baba mdogo tulikuwa na kibanda chetu cha nyasi mwisho wa mstari. Ilianza mwezi wa pili wa kukaa kwangu pale. Alinitendea mambo ambayo mtu mzima hamtendei mtoto. Sitaandika zaidi ya sentensi hiyo. Imenichukua miaka zaidi ya thelathini kuifikisha hapa, na anayehitaji nyingine hanisomi kwa nia njema. Nitaandika tu kwamba aliongea kwa upole wakati wote, na baada yake alinipa kipande cha sukari guru. Na kwamba hadi leo saa nane mchana hainikuti ndani ya nyumba. Kila kazi niliyopata kufanya, mwajiri alinisifu kuwa sipumziki mchana.

Sikulia, sikukimbia. Ningekimbilia wapi? Lakini nilitaka kusema, na kizuizi cha kwanza kilikuwa kwamba sikuwa na neno. Kinyiha changu kilikuwa cha mtoto, Kiswahili changu kilikuwa cha darasani. Kwa jambo lile nilijua maneno mawili matatu tu niliyoyasikia kwa wavulana wakubwa, nayo yalikuwa matusi, na matusi yalikatazwa. Kizuizi cha pili nilikisikia kupitia ukuta wa nyasi. Wanawake walikuwa wakichochea moto upande wa pili, hawakujua nipo. "Mwanamume miaka mitano hana mke," mmoja alisema, "na bado anamtunza mtoto wa ndugu yake kama mama mzazi. Mmewaona wangapi?" Mwingine akajibu, "Angenioa mimi ningekuwa nimeshanenepa." Wakacheka. Wa tatu akasema, "We ukinenepa kibanda kile kitapasuka," wakacheka zaidi, na mimi niliyekuwa nimeinama nyuma ya nyasi nikajikuta nacheka pia, kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha.

Mmoja wa wale alikuwa Mama Eliza, mjane wa Kinamwanga mwenye ndugu ng'ambo ya mpaka, ambaye nilikuwa nikimsaidia kumimina maji. Siku moja, mikono yetu yote ikiwa ndani ya chungu kimoja, nilimwambia, "Mama, naomba nihamie kulala kwenu."

"Kwa nini? Baba yako mdogo anakoroma?"

"Hapana."

"Basi una nini?"

Nikafungua mdomo. Alinitazama, kisha akatazama meko, vyungu kumi na viwili vikitokota, kazi ya watu thelathini. Uso wake ulibadilika. "Mayo, mama wee," alisema taratibu, kama mtu aliyeona nyoka karibu na mguu wa mwenzake. "Ni neno?"

"Ni neno."

"La nyinyi wawili, wewe na yeye?"

"Ndiyo."

"Basi usiliseme hapa. Nisikilize, mwanangu. Litunze. Siku ya kufudikiza vyungu utasimama, utalisema lote, na mimi nitakuwa nimekaa pale pale karibu yako. Umenisikia?"

Nilimsikia, na nilifurahi. Hili ndilo ninalorudi kulitazama mara nyingi kuliko mengine. Hakuniambia nyamaza, alinipa siku. Tangu hapo niliishi kwa kuhesabu. Kila saa nane iliyopita niliiweka pamoja na nyingine kama mtu anayepanga kuni, nikijiambia nitazitoa zote kwa pamoja. Nilijitengenezea sentensi. Nilikuwa nikiifanyia mazoezi nikikwangua udongo, bila sauti, nikibadilisha neno hili kwa lile mpaka ikawa haina tusi hata moja. "Baba mdogo mchana ananifanya kama mke." Hiyo ndiyo niliyoipata. Niliona ni safi ya kutosha kusemwa mbele ya wazee.

Siku ilifika mawingu yakiwa yamesimama juu ya ziwa. Vyungu vilifudikizwa kimoja kimoja, vikaachwa vikionyesha makalio meusi. Tulikaa duara. Mzee wa kambi, mtu mfupi mwenye kikohozi, alianza na wakubwa. Mwanamume mmoja akasema jirani yake aliiba kuni zake mafungu mawili. Jirani akasema hakuiba, zilimfuata. Mwanamke akasimama akamshtaki mumewe kwamba kiangazi kizima amekula samaki kichwa na mkia, yeye akaachiwa katikati iliyojaa miiba. Mume akasema alidhani anampendelea, watu wakashika mbavu. Kila shauri liliisha kwa chumvi ulimini na kupeana mikono. Nilikuwa najisikia mwepesi. Mama Eliza alikuwa kulia kwangu kama alivyoahidi, goti lake likigusa langu.

"Na mtoto wa Ezekia," mzee akasema. "Una neno?"

Nikasimama. Watu walikuwa bado wanacheka ya samaki, machozi kwenye macho, nyuso zao zimefunguka kwa furaha ya kunisikiliza. Nilitafuta sentensi yangu nikaiona ipo, kamili. Kisha nikamwona Baba mdogo. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananitazama kama siku ile ya samaki, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, na akanitikisia kichwa, kama mzazi anayemtia moyo mtoto aimbe kanisani. Nikajua kwamba nikiisema sentensi ile, zile nyuso zote zitafungika, na mimi ndiye nitakayekuwa nimezifunga.

"Baba mdogo," nikasema, "alinipiga na mwiko wa kukorogea."

Ilikuwa kweli. Alinipiga mara moja, nilipomwaga maji makali ya siku nzima. Kicheko kikatoka, kicheko cha nafuu. "Aa, Ezekia! Mwiko?" Baba mdogo akasimama, akaja mbele yangu, na mtu mzima yule akapiga magoti kwenye udongo. Akasema kwa sauti ya watu wote, "Mwanangu, nilikukosea. Nisamehe." Duara zima likaguna kwa mshangao. Pale hakuna aliyewahi kuona mtu mzima akimpigia mtoto magoti. Mwanamke mmoja alijifuta macho kwa kanga. Mzee akaja na chumvi, punje kwenye ulimi wake, punje kwenye wangu. "Limekwisha," akasema. "Yaliyokuwa kati ya hawa wawili kiangazi hiki yamezikwa. Asiyafukue mtu."

Nilipokaa, Mama Eliza aliniinamia. "Ndilo hilo tu?" akanong'ona. "Ndilo." Nikamsikia akishusha pumzi ndefu, na goti lake likalegea. Nimemfikiria sana mama yule. Kwa miaka mingi nilimchukia kwa pumzi ile. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao, nami najua mtu anaweza kusubiri miezi mitano akiogopa kusikia jambo, na akipewa dogo badala yake, akalishika kwa mikono yote miwili. Nadhani alijua. Nadhani alitumaini kwamba hakujua.

Baba mdogo hakunitishia hata mara moja. Kesho yake, saa nane, alisema tu, "Tumeshamalizana mbele za watu, sivyo?" Na mimi, niliyelelewa kuheshimu yaliyosuluhishwa, niliona kwamba amesema kweli. Hili ndilo nililotembea nalo. Si kwamba nilinyimwa nafasi ya kusema. Nilipewa nafasi mbele ya watu thelathini waliokuwa tayari kusikiliza, nikasema kitu kingine. Mtu aliyezibwa mdomo anajua wa kumlaumu. Mimi nilipopata mtoto wa kiume, Mpanda, sikuwahi kumwogesha. Mke wangu alidhani ni majivuno ya kiume. Nilikuwa naiogopa mikono yangu, haikuwa imefanya lolote, lakini niliiogopa, na mtoto akakua akijua kwamba baba yake husimama mlangoni. Yuko Tunduma sasa, ana gereji ndogo, tunasalimiana vizuri.

Baada ya siku zangu tatu za Sumbawanga nilirudi, nikavuka mpaka kwenda Nakonde kumtafuta Joeli. Joeli ni mtoto wa binamu yetu, ndiye aliyekwenda kukaa kwa Baba mdogo baada yangu. Tabitha alikuwa amenieleza kwa uchungu kwamba kati ya wote aliowalea yule mzee, wawili tu hawakuonekana msibani, mimi na yeye. Nilimkuta kwenye kibanda chake cha viatu, amenenepa, kichwa kimeingia mvi mapema. Alinipa kigoda.

"Hukwenda kuzika," akasema.

"Sikwenda. Na wewe?"

"Nilikuwa na mzigo."

Akafunga kamba za kiatu ambacho hakikuwa na mnunuzi. Magari yalipita. Nina maneno mengi siku hizi. Mtu hukusanya maneno akizeeka, hata redioni wanayasema waziwazi, hakuna tena lisilo na jina. Hakuna hata moja lililokuja. Nikasema, "Joeli, na mimi pia."

Hakuuliza pia nini. Alifungua tena zile kamba. "Kaka," akasema mwishowe, bila kuinua macho, "siku ile nilikuuliza. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Mimi nilidhani umesahau."

Sikusahau. Ilikuwa kiangazi kilichofuata, vyungu vilikuwa vimewekwa mekoni wiki moja tu. Lori lilikuja na magunia matupu, na dada Tabitha akashuka kutoka mbele alikokaa na dereva, amekuja kunichukua nirudi shuleni Hasamba. Na juu ya magunia alikuwepo mtoto wa miaka kama kumi, amevaa sweta. Familia ilikuwa imeona kwamba Baba mdogo Ezekia, mtu mwema vile, asibaki peke yake, na huyu naye nyumbani kwao chakula kilikuwa shida. Watu wazima waliingia kivulini kunywa uji. Lori lilikuwa linapakiwa chumvi ya wiki ile. Nikabaki na Joeli kando ya gurudumu, kikapu changu kimeshapanda, chake kimeshushwa. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akikagua kama nina makovu. Alikuwa mtoto mwerevu, alijua afanye haraka.

"Kaka," akasema, "anapiga?"

Mama Eliza alikuwa hatua kumi kutoka pale, akimimina maji. Aliacha kumimina. Chumvi ilikuwa mekoni, na chumvi haitaki maneno. Lakini sitasema ni mwiko ulionizuia, maana lori lilikuwa limeshawashwa na mimi nilikuwa ninaondoka kwenye kambi ile nisirudi tena, na nisingekula chumvi yake iwe chungu ama isiwe. Nilikuwa na ile sentensi yangu, ipo nzima. Nilifikiri kwamba nikiisema, dada atasikia, na kikapu changu kitashushwa, na safari itaahirishwa.

"Hapigi," nikasema.

Joeli alitabasamu, akaanza kulivua sweta lake kwa sababu ya joto. Akaniuliza kibanda chao ni kipi. Nikamwonyesha kwa kidole, kisha nikapanda juu ya magunia.